Namba Isiyo na Baki

Kuna watu hupenda ng'ombe, kuna wanaopenda rubisi, pombe yetu ya ndizi, na kuna wanaopenda kusikia sauti zao wenyewe kanisani. Anastazi Mbonimpa alipenda namba moja. Namba yenyewe ni 27,720. Nimeiandika kwa tarakimu ili uione uso wake mapema, kwa sababu tutakuwa nayo mpaka mwisho, na mimi simpendi msomaji anayeniuliza katikati ya safari tunakwenda wapi.

Mbonimpa alikuwa fundi wa matofali. Nilimkuta upande wa Isingiro mwaka 1981, nilipopangiwa kufundisha huko nikitokea Muleba, binti wa miaka ishirini na mitatu mwenye cheti cha ualimu, sanduku la bati na hasira za karibu. Siku hizi huko ni wilaya ya Kyerwa. Wakati ule sote tulikuwa Karagwe. Jina la kijiji silitaji, maana baadhi ya watu nitakaowasema bado tunakaa benchi moja kanisani.

Alikuwa mfupi, miguu imejaa udongo hadi magotini hata siku ya Krismasi, na alikuwa na tabia ya kucheka ameinamisha kichwa kana kwamba kichekesho kimeanguka chini anakitafuta. Alikuja kutoka Burundi akiwa kijana, kupalilia kahawa za watu. Shule aliisoma miaka minne tu, kwa mapadri. Baadaye akagundua kwamba udongo wa vichuguu vya bondeni kwetu ukiuchoma vizuri unalia kama kengele, akaacha jembe, akachonga kalibu ya mbao, na toka hapo nyumba zote za maana kijijini zilitoka mikononi mwake.

Mimi alinikosea heshima siku ya kwanza. Nilikwenda kumwagiza matofali ya jiko langu.

"Shikamoo, Mzee Mbonimpa. Nataka matofali mia tano."

"Marahaba, Mwalimu. Mia tano usichukue. Ina kiburi. Haiingiliki na tatu, wala sita, wala saba. Chukua mia nne na ishirini."

"Mimi nafundisha hesabu, Mzee."

"Ndiyo maana nakuambia wewe," akasema. "Mwingine ningemwachia tu."

Nilirudi nyumbani nimefura. Nikachukua karatasi, nikaigawa 420 kwa mbili, kwa tatu, kwa nne, kwa tano, kwa sita, kwa saba. Zote ziliingia bila kubakisha kitu. Mia tano nikaigawa kwa tatu, ikabaki mbili. Asiyekubali kushindwa si mshindani. Kesho yake nilirudi, nikamwamkia tena, na safari hii shikamoo yangu ilitoka moyoni.

Ikawa desturi yangu Jumamosi mchana kwenda kukaa kwake Kambini, nikila viazi vya mkewe Therese na kubishana hesabu. Kambini ni jina la mteremko ambako zamani vibarua wa kahawa walipiga kambi. Kambi ilikwisha, jina likabaki, na nyumba tisa za watu wenye asili ya Rwanda na Burundi zikabaki nalo. Nilimuuliza siku moja kwa nini baki inamuudhi kiasi kile. Akanieleza bila kulalamika.

"Nilipokuwa kibarua tulikuwa saba, Mwalimu. Jioni viazi vinaletwa kwenye karai, vinagawiwa sawasawa, na vinavyobaki anakula msimamizi. Nimekaa pale miaka miwili. Viazi havikugawanyika kwa saba hata siku moja. Nikajua kwamba baki siku zote huliwa na mwenye nguvu."

Alikuwa na haki. Kijijini kwetu palishakuja mabati hamsini ya msaada, yakagawiwa mabalozi kumi na wawili wa nyumba kumi kumi, manne manne, yakabaki mawili. Wiki iliyofuata mabati mawili mapya yalionekana yaking'aa juu ya banda la kuku la mwenyekiti wetu. Kuku wake ndio peke yao waliolala pakavu mwaka ule.

Sasa mwenyekiti. Ndyamukama alikuwa mtu mrefu wa sheria na penseli. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: zaidi ya yale mabati hakuwa mwizi, na hakuwa mkatili. Ila aliamini kwamba kitu kisichotimia hakipo. Kila jambo aliliandika kwanza kwa penseli kwenye daftari lake kubwa, na akishajiridhisha ndipo analipitia kwa wino. Upande wetu wa kijiji ulikuwa na nyumba mia moja ishirini na tisa. Serikali ilitaka kila nyumba kumi ziwe na balozi wao. Wengine huko nje walifanya kwa makadirio, nane hapa, kumi na mbili pale. Ndyamukama akagawa hasa. Mia moja ishirini na tisa kwa kumi ni kumi na mbili, baki tisa. Mabalozi kumi na wawili wakaandikwa kwa wino. Ile baki tisa ilikuwa Kambini, nayo iliandikwa kwa penseli.

"Jengeni nyumba ya kumi mje," aliwaambia, na nadhani aliona amewapa nafasi nzuri. Lakini vijana wa Kambini kila walipooa walihamia Rugera au Kibingo kutafuta pa kulima, na nyumba ya kumi haikujengwa.

Mwaka 1985 tukaamua kujenga shule yetu. Iliyokuwapo ilikuwa ng'ambo ya bonde, mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu ya mtoto, na masika mto ukijaa watoto hawaendi kabisa. Wilaya ikasema jengeni madarasa mawili, sisi tutaleta walimu. Nikafanywa katibu wa kamati kwa sababu nilikuwa na mwandiko mzuri na sikuwa na mume wa kunikataza. Fundi mwashi akakadiria matofali elfu ishirini na saba na ushei. Kazi ya kuyafyatua akapewa Mbonimpa. Kazi ya kuyapandisha kutoka tanuri la bondeni hadi kilimani ikawa ya wananchi, kwa vichwa vyao.

Hapo ndipo ugomvi ulipoanza, maana kila mtu alitaka mzigo ugawanywe kivyake. Wengine walitaka kwa balozi. Wengine kwa jumuiya za kanisani, ambazo zilikuwa nane upande wa Wakatoliki na tatu upande wa Walutheri, jumla kumi na moja. Wapo waliotaka kwa mitaa mitano, na mzee mmoja alitaka kwa koo, akasahau kwamba koo zenyewe hazijawahi kukubaliana ziko ngapi. Vikao vitatu vilikwisha hivyo. Kikao cha nne Mbonimpa, aliyekuwa amechuchumaa mlangoni akisubiri kuambiwa idadi, akanyoosha mkono.

"Mwenyekiti, amueni mnavyotaka hata mwezi ujao. Mimi nitawafyatulia namba ambayo haitabishana na yeyote."

Akaeleza, na mimi nikawa naandika ubaoni. Alianza na sitini. Sitini inakubali moja, mbili, tatu, nne, tano na sita. Saba inaikataa, basi unaizidisha kwa saba, unapata mia nne na ishirini, ile ya jiko langu. Nane ikija, unaikuta namba tayari ina nne ndani, kwa hiyo unaizidisha kwa mbili tu: mia nane na arobaini. Tisa ikija, tatu iko ndani, unaongeza tatu nyingine: elfu mbili mia tano na ishirini. Kumi inafika na kukuta kiti chake kipo, maana mbili na tano zilishaingia zamani. Kumi na moja ni namba tasa, haina vipande, lazima uichukue nzima: unazidisha, unapata elfu ishirini na saba, mia saba na ishirini. Na kumi na mbili nayo haihitaji kitu, kwa sababu tatu na nne ziko ndani.

"Kwa hiyo mkiwa wawili, mkiwa watano, mkiwa saba, mkiwa kumi na wawili," akamaliza, "hakuna tofali litakalobaki. Na baki ni ugomvi, Mwenyekiti."

Mimi darasani naita kitu hicho Kigawe Kidogo cha Shirika, na ninakifundisha kwa wiki mbili watoto wakilia. Yeye alikijenga kwa dakika kumi amechuchumaa. Nilihakiki mgao mmoja mmoja, yote ikatoka safi, na hakuna namba ndogo kuliko hiyo yenye tabia hiyo. Watu walipiga makofi. Ndyamukama akaiandika kwa penseli, akanitazama, nikatikisa kichwa kukubali, akaipitia kwa wino palepale. Halafu, kwa kuwa sasa hapakuwa na cha kugombania, wakaamua kwa dakika mbili: mafungu kumi na mawili, kwa mabalozi.

Kiangazi chote Kambini walifyatua. Mbonimpa alikuwa na kalibu mbili, mkewe Therese alichota maji, majirani zake walikanyaga udongo, wanaume kwa wanawake. Tanuri liliwashwa, likapoa. Siku ya kuhesabu tulikwenda kamati nzima. Aliyapanga matofali mazima safu za sitini sitini, na kila safu ikitimia alitumbukiza kokoto kwenye kibuyu. Mwisho tukamimina kibuyu: kokoto mia nne sitini na mbili. Zidisha mwenyewe. Ya ziada, aliyoyafyatua kwa kuhofia ya kuvunjika, aliyachukua nyundo akayaponda yote mbele yetu yawe kifusi cha sakafu. Alifanya hivyo kila tanuri. Hakutaka kuona kitu kimesimama pembeni ya hesabu.

Jumapili baada ya misa Ndyamukama akasoma utaratibu. Mgao utafanywa baada ya wiki tatu, kahawa ikishaanikwa. Kila balozi atachukua matofali elfu mbili mia tatu na kumi. Na kwa kuwa madarasa ni mawili tu na watoto ni wengi, mkutano uliopita ulishakubali kwamba balozi aliyebeba fungu lake ndiye atakayeandikisha watoto wa nyumba zake. Mwenye fungu ndiye mwenye dawati.

Mbonimpa akasimama. Kofia yake ilikuwa mkononi.

"Na sisi wa Kambini, Mwenyekiti?"

Naapa hakuwa amelifikiria kabla ya hapo. Mwezi mzima alikuwa akiisifu namba inayokubali wote, amewahesabu mabalozi, amewahesabu Walutheri, amehesabu hadi koo zisizojulikana idadi, na kumbe nyumba yake mwenyewe haimo. Mganga hajigangi.

"Kambini hamjatimia," Ndyamukama akasema kwa upole. "Nyumba kumi ni kumi."

"Basi tuhesabu kama fungu tu. La kumi na tatu. Tutabeba sawa na wengine."

Ndyamukama hakuwa mjinga. Akanigeukia. "Katibu, elfu ishirini na saba mia saba na ishirini kwa kumi na tatu?"

Nilipiga hesabu, na mkono ulikuwa mzito. "Elfu mbili mia moja thelathini na mbili. Baki nne."

"Baki nne," akarudia. "Mzee Mbonimpa, wewe mwenyewe ulituambia baki ni ugomvi. Namba ni yako. Inakubali kumi na mbili, inakataa kumi na tatu. Mimi nifanyeje?"

Watu walicheka kidogo, si kwa ubaya. Mbonimpa hakucheka. Alivaa kofia yake akatoka, na mimi nikabaki na hasira kiasi kwamba niliandika muhtasari wa kikao kile hadi kalamu ikatoboa karatasi.

Mchana ule nilipanda Kambini. Nilimkuta ameketi kwenye kigogo nje, binti yake Immaculata amekaa miguuni pake akichambua maharage. Immaculata alikuwa na miaka minane, alijua kuzidisha hadi kumi na mbili kwa kumsikiliza baba yake tu, na shule ya ng'ambo ya bonde alikuwa ameifika mara sita tangu mwaka uanze. Nilimpenda yule mtoto waziwazi, sioni sababu ya kuficha.

"Dawa ni rahisi," nikamwambia Mbonimpa. "Ponda manne. Yanabaki elfu ishirini na saba mia saba na kumi na sita, na hiyo inagawanyika kwa kumi na tatu."

"Hapana. Watasema Kambini waliingia shuleni kwa kuvunja."

"Yale ya ziada ungeyaacha…"

"Niliyaponda, Mwalimu. Uliniona."

Therese alikuwa mlangoni anakoroga mchuzi. Yeye hesabu hakuzipenda, alisema zinamfanya mumewe asahau chumvi. "Kama kutoa ni vibaya," akasema, "si muongeze?"

Tukatazamana. Ukigawa kwa kumi na tatu yanabaki manne. Ili kila fungu lipate moja zaidi, unahitaji tisa. Mbonimpa aliandika 9 kwa kijiti kwenye vumbi. Therese akaja akaitazama, akaanza kucheka hadi mwiko ukamdondoka.

"Nyumba zetu ziko ngapi?" akauliza.

Mimi sikuwa nimeliona. Mwalimu wa hesabu, katibu wa kamati, nilikuwa nimeitamka tisa ile pande zote mbili bila kuzikutanisha. Lakini nilikuwa nimeona jambo jingine, na sina tabia ya kubembeleza, nikalisema.

"Mzee, ukiongeza tisa unaipoteza namba yako. Elfu ishirini na saba mia saba ishirini na tisa haikubali mbili. Haikubali nne, wala tano, wala sita, saba, nane. Kumi haikubali, kumi na moja haikubali, na kumi na mbili haikubali. Itakubali tatu, tisa na kumi na tatu basi."

Alikiweka chini kile kijiti. Unaweza kucheka kwamba mtu mzima anahuzunikia namba, lakini ile ilikuwa kitu pekee kizuri alichokuwa nacho ambacho hakuna aliyempa wala angeweza kumnyang'anya. Alimtazama Immaculata, aliyekuwa ameacha maharage anatusikiliza.

"Basi iende," akasema.

Kila nyumba ya Kambini ilifyatua tofali moja, kwa mikono yake yenyewe. Tanuri huwezi kuliwasha kwa matofali tisa, kwa hiyo yakachomwa pamoja na vyungu vya Mukakalisa, mjane aliyekuwa mfinyanzi wa pale, katika shimo lake la majani na mavi makavu ya ng'ombe. Yalitoka meusi upande mmoja na mekundu upande mwingine, yakinuka moshi. Tofali la Mukakalisa lilipinda kidogo. Alisema yeye ni mtu wa vyungu, asilaumiwe.

Siku ya mgao kijiji chote kilikuwa bondeni. Ndyamukama amekaa kwenye kiti na daftari lake, mabalozi kumi na wawili wamesimama mbele. Tukawaona wanashuka kwa mstari, watu tisa, kila mmoja na tofali moja kichwani juu ya kata ya majani ya mgomba. Mbonimpa alikuwa wa mwisho. Kila mmoja alipita, akaliweka la kwake juu ya safu, akasimama pembeni.

"Nini hiki?" Ndyamukama akauliza.

"Mchango wa kazi ya wote, Mwenyekiti," Mbonimpa akasema.

"Katibu, sasa ni mangapi?"

"Elfu ishirini na saba, mia saba ishirini na tisa."

"Gawa kwa kumi na mbili."

"Elfu mbili mia tatu na kumi," nikasema, na safari hii mkono haukuwa mzito hata kidogo. "Baki tisa."

Akayatazama yale meusi. Yalionekana vizuri, hakuna aliyeweza kuyakosea. "Basi warudishieni ya kwao," akasema.

Hakuna aliyesogea. Mtu wa mbali hataelewa, lakini kwetu kitu kilicholetwa kwa kichwa kwenye kazi ya wote, iwe ndizi za msibani au fito za kujengea, hakirudishwi. Ukimrudishia mtu mchango wake umemwambia kwamba na yeye akifiwa hutakwenda, na ukifa wewe asije. Ni neno zito kuliko tusi. Mabalozi walitazama chini. Balozi Polikarpi, mzee kuliko wote, akakohoa, akasema kwa heshima.

"Mwenyekiti, waitu, mimi mgongo unaniuma. Yarudishe wewe."

Ndyamukama alisimama. Alitembea hadi kwenye safu, akaliinua tofali lililokuwa karibu, nalo lilikuwa lile lililopinda. Mukakalisa alikuwa amesimama hatua tatu kutoka pale, akimtazama. Alimfinyangia mke wa Ndyamukama vyungu vyote vya jikoni, na mwaka wa vita, 1978, walikaa siku nne shimoni pamoja familia zote mbili wakisikiliza mizinga. Ndyamukama aliligeuzageuza lile tofali kana kwamba anatafuta maandishi, kisha akalirudisha mahali pake taratibu.

"Kwa kumi na tatu?" akaniuliza bila kunitazama.

"Elfu mbili mia moja thelathini na tatu. Hakuna baki."

Polikarpi alikuwa anahesabu kwa vidole. "Ngoja kwanza. Kwa kumi na mbili tungebeba elfu mbili mia tatu na kumi. Sasa kila balozi anabeba pungufu?"

"Pungufu mia moja sabini na saba," nikasema.

"Kupanda mlima ule?" Akawageukia wenzake. "Na sisi tulikuwa tunabishania nini?"

Bonde zima lilicheka, na mimi nilicheka mpaka machozi, kwa furaha na kwa aibu pia, maana hata hilo sikuwa nimelisema mapema, na lingetuokolea wiki tatu. Mgeni njoo mwenyeji apone. Ndyamukama akaketi, akaandika mafungu kumi na matatu. Kwa penseli, niliona.

Kubeba kulichukua wiki nzima. Na hapo ile namba mpya ikaonyesha tabia zake. Kila balozi alipogawa elfu mbili mia moja thelathini na tatu kwa nyumba zake kumi, alipata mia mbili kumi na tatu, baki tatu. Kila balozi! Matofali matatu matatu yakaachwa bondeni, hakuna aliyetaka kuyabeba. Nyumba ya huyu inasema yabebwe na nyumba ya yule, na nilisikia wake wawili wa ndugu wakinuniana siku mbili kwa tofali moja. Kambini peke yao waligawa fungu lao kwa nyumba tisa likatoka sawasawa, mia mbili thelathini na saba kila nyumba. Ulikuwa mzigo mkubwa kuliko wa wengine wote, na waliumaliza Ijumaa.

Jumamosi asubuhi nilikuwa kilimani na Ndyamukama, tunahakiki. Tulipungukiwa matofali thelathini na sita. Kumi na mbili mara tatu, huna haja ya ubao. Alikuwa ameanza kuchemka, anataja mabalozi mmoja mmoja, ndipo tukawaona tena wale tisa wanapanda. Safari hii kila mmoja alikuwa na matofali manne kichwani.

Manne. Baki ile ile waliyokataliwa nayo Jumapili ile baada ya misa, sasa kila nyumba ya Kambini imejitwika. Mimi nililiona, na nikajua Mbonimpa naye ameliona, kwa sababu alikuwa akija ameinamisha kichwa anacheka, na shingo imekaza chini ya mzigo.

Waliyatua wakayapanga. Ndyamukama akayahesabu mwenyewe, polepole, akafika thelathini na sita.

"Haya ni ya nani?" akauliza.

"Ni baki, Mwenyekiti," Mbonimpa akasema, akihema.

"Baki ya nani? Ninyi hamkuwa na baki."

"Ya kijiji."

Ndyamukama alikaa juu ya lile rundo. Alifungua daftari, akafunua kurasa mpaka ule wa watoto wa darasa la kwanza, akapapasa mifuko ya shati.

"Binti yako anaitwa nani?"

"Immaculata."

"Immaculata Mbonimpa," akasema taratibu, huku akiandika. Halafu akawaita wale wengine wanane, mmoja baada ya mwingine, wataje na wa kwao.

Mbonimpa aliishi miaka kumi na mmoja mingine. Mtu akija kumwagiza matofali, swali lake la kwanza likawa, "Mmejihesabu na ninyi wenyewe?" Tulimzika mwaka 1996, na alishindiliwa kaburi na kijiji kizima. Wakati huo Kambini walikuwa wamefikisha nyumba ya kumi, lakini vyama vingi vilishaingia na serikali haikuwa na kazi tena na mabalozi wa nyumba kumi. Ile shule ipo, na yale tisa meusi mwashi aliyapanga pamoja chini ya dirisha la darasa la kwanza.

Lakini mimi nikimkumbuka, namkumbuka Jumamosi ile pale kilimani, anajifuta jasho kwa kofia, amelikodolea macho daftari la mwenyekiti asilothubutu kulisogelea. Kwa hiyo nilisogea mimi. Nilichungulia juu ya bega la Ndyamukama.

"Mwalimu," Mbonimpa akaniuliza kwa sauti ya chini, "ameandika kwa nini?"

"Kwa wino," nikamwambia.